Italia: Nchi Inayoweka Jibini Rehani

Daftari nililoondoka nalo Dar es Salaam nililigawanya mapema kwa karatasi za rangi: jiografia, historia, serikali, uchumi, dini, chakula. Niliahidi kurudi na maelezo ya nchi nzima. Sasa nalifungua naona kurasa za jiografia zimejaa nusu, za serikali zina mistari sita, na kuanzia katikati hadi jalada la nyuma ni jibini tupu. Msomaji anivumilie. Nitatimiza kwanza la wajibu, tena upesiupesi, halafu twende ghalani.

Italia ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 301,000, pungufu kidogo ya theluthi moja ya Tanzania, na watu wake wanakaribia milioni 59. Kwenye ramani ina umbo la buti lililochovywa baharini. Kaskazini imezibwa na milima ya Alpi, na mto wake mrefu, Po, unakwenda kilomita 652 kutoka magharibi hadi bahari ya Adriatiki. Nchi iliunganishwa mwaka 1861. Roma ikawa mji mkuu mwaka 1871. Mwezi Juni 1946 wananchi wakapiga kura ya kumwondoa mfalme, na ndipo ikawa jamhuri. Ina mikoa 20, na mitano kati yake ina mamlaka ya pekee. Rais huchaguliwa na Bunge, lakini anayeendesha serikali ni waziri mkuu, na mawaziri wakuu huko hubadilika kama makonda wa daladala. Nilinakili pia takwimu za viwanda vya magari na za watalii. Nikizisoma leo hazinisemeshi neno, naziacha.

Roma nilikaa siku mbili. Magofu niliyaona, na kanisa la Mtakatifu Petro nililizunguka kwa mguu hadi soli ikalalamika. Aliyewahi kuona picha zake ameona nilichokiona, isipokuwa maji. Mitaani kuna mabomba ya chuma yaliyosimama kama watu wafupi wenye pua ndefu, na wenyewe huyaita hivyo hivyo, mapua. Maji yanatoka usiku na mchana, baridi, safi, bure, na mzee aliyevaa suti anainama anakunywa bila kuona haya. Mimi natoka mtaa ambao maji yakitoka Jumatano watu hupigiana simu. Nilijaza chupa yangu mara tisa siku ya kwanza, kiu ikiwa imeshanitoka zamani.

Msafiri asiye na mwenyeji hufundishwa na makosa yake. Kahawa hunywewa ukiwa umesimama kaunta, kwa mikupuo mitatu, na ukivuta kiti ukakaa bei yaweza kupanda. Sehemu nyingine unalipia kwanza, unapewa karatasi, unaipeleka kwa mchemshaji. Baada ya chakula cha mchana hakuna anayeagiza kahawa yenye maziwa; niliagiza, nikaulizwa kwa upole kama naumwa tumbo. Mgahawani bili huja na senti za juu zinazoitwa coperto, malipo ya kukalia meza na kupewa mkate, ule usiule. Sokoni mteja hashiki tunda. Unaonyesha kwa kidole, muuzaji anachagua, na kwa mtu aliyezoea kubonyeza maembe ya Kariakoo hadi ya chini kabisa kwenye rundo, hiyo ni adhabu. Kuanzia saa saba mchana maduka mengi ya miji midogo hufungwa hadi saa tisa na nusu au kumi, na mgeni hubaki barabarani na njiwa.

Halafu kuna tiketi ya treni. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani lazima uigonge muhuri kwenye kijimashine kabla ya kupanda. Mimi niliihifadhi vizuri, ndani ya pasipoti, haina hata mkunjo. Mkaguzi aliitazama, akanitazama, akaandika faini. Kiitaliano changu ni kile cha ufukweni Kiwengwa, cha ciao na bei ya kinyago, ambacho vijana wa Zanzibar na wenzao wa Malindi wanakijua kunizidi mara kumi. Hakikunisaidia kitu.

Faini hiyo ndiyo iliyonifikisha Bologna nikiwa nimenuna. Ni mji wa matofali mekundu, wenye chuo kikuu ambacho kuanzishwa kwake huhesabiwa tangu mwaka 1088, na vibaraza vya matao vinavyofunika njia za miguu kwa jumla ya kilomita 62. UNESCO iliviingiza katika urithi wa dunia mwaka 2021. Mvua ikinyesha unavuka nusu ya mji bila mwavuli. Njia moja ya matao inapanda kilima hadi kanisa la San Luca. Matao yake ni 666, nami niliyahesabu hadi mia mbili na kitu, magoti yakaomba tuache.

Lakini kilichonishika Bologna kilikuwa tambi. Mwaka 1972 watu wa mji huo walikwenda Chama cha Biashara wakasajili upana wa tambi zao bapa, tagliatelle: ikishaiva iwe milimita 8, sawa na urefu wa mnara wa mji huo, Asinelli, ukiugawa mara 12,270. Wakaweka na sampuli ya dhahabu. Mwaka 1982 wakasajili na mchuzi wake wa nyama. Nilicheka peke yangu hadi mwenye nyumba niliyopanga chumba akaniuliza kulikoni. Nilipomweleza hakucheka. Akaniuliza, kama hatukuandika, mtu wa mbali akitengeneza upuuzi akauita jina letu, tutamshtaki kwa karatasi gani? Kisha akaniambia kama napenda mambo ya aina hiyo nipande treni niende Reggio Emilia, nikaone jibini.

Nilikwenda. Tiketi nimeigonga muhuri, hata mara mbili.

Jibini ninayoisema ni ile ngumu, ya manjano, ambayo ulimwengu huiita Parmesan na wenyewe Parmigiano Reggiano. Ruhusa ya kuitengeneza ina mipaka kama ya shamba: Parma, Reggio Emilia, Modena, kipande cha Bologna kilicho magharibi ya mto Reno, na kipande cha Mantova kilicho kusini ya Po. Ukivuka mto na ng'ombe wako, hata akila majani yaleyale, jibini yako itafute jina lingine. Wanasema ilianzishwa na watawa wa Zama za Kati, na Boccaccio, mwandishi wa karne ya 14, aliweka mlima mzima wa jibini ya Parma iliyokunwa katika nchi ya kufikirika ya walafi. Mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba hata hilo neno Parmesan, ndani ya Umoja wa Ulaya, ni lao.

Kiwanda nilichokiendea kwa baiskeli ya kukodi hakizidi ukumbi wa shule ya msingi. Ndani kuna masufuria ya shaba yaliyochimbiwa sakafuni, yenye umbo la kengele iliyogeuzwa, kila moja likiweza kummeza mtu wima. Maziwa ya jioni hulazwa usiku kucha katika mabeseni mapana ili mafuta yapande juu. Asubuhi mafuta yanaenguliwa, na maziwa ya alfajiri yanaongezwa yakiwa kamili. Kinachotiwa ni maji chachu yaliyobaki kwenye jibini ya jana na dawa ya kugandisha inayotoka katika tumbo la ndama. Hakuna kingine. Chakula cha ng'ombe nacho kina sheria: majani ya kuvundikwa ni marufuku.

Mpika jibini, wao humwita casaro, alikuwa mzee mwenye vidole kama mizizi ya muhogo. Maziwa yalipoganda aliyavunja kwa kitu kinachofanana na mwiko wa nyaya, hadi yakawa punje kama za mchele. Moto ukapandishwa hadi nyuzi 55. Kisha ikawa kimya. Punje zilizama chini ya sufuria zikashikana, na kwa muda wa karibu saa nzima hakuna aliyefanya lolote la maana. Mmoja alikosha sakafu, mmoja aliniuliza Tanzania iko upande gani wa Kenya. Mzee alikuwa akizamisha mkono, anautoa, anautazama. Mara wakaja wawili na pao la mbao na kitambaa cha kitani, wakainua kutoka chini donge jeupe la kutisha, wakalikata katikati. Vipande hivyo viwili huitwa mapacha. Sufuria moja, mapacha wawili, kila siku. Nilimuuliza mzee na Krismasi je? Akasema ng'ombe hana kalenda.

Nikaandika hesabu hii mara tatu ili nisikosee: gurudumu moja la jibini lina uzito wa kama kilo 40, na hula takriban lita 550 za maziwa. Huwekwa katika kalibu ambayo ukingo wake unachapa jina la jibini kwa nukta, kuzunguka gurudumu zima, pamoja na namba ya kiwanda, mwezi na mwaka, ili hata ukikata kipande kidogo chenye ganda uone kimetoka kwa nani. Halafu siku zipatazo 20 ndani ya maji ya chumvi. Baada ya hapo linapandishwa rafuni, na linangoja.

Nataka nikae kidogo kwenye kungoja huko, kwa sababu ndiko kulikoninyima usingizi. Muda wa chini kabisa ni miezi 12. Nyingi huachwa 24, nyingine 36. Nilisimama katika njia nyembamba ya ghala la kiwanda hicho, rafu za mbao kushoto na kulia zikipanda hadi darini, magurudumu yamepangana kama vitabu, harufu ya korosho za kukaanga na maziwa ya zamani. Mashine inapita polepole, inalitoa gurudumu, inalipangusa, inaligeuza, inalirudisha. Miezi 12 ikitimia anakuja mgongaji. Ana nyundo ndogo. Anagonga hapa, anageuza, anagonga pale, ameinamisha sikio, vilevile bibi yangu alivyokuwa akigonga fenesi kabla ya kuamua kama liangushwe leo au kesho. Mlio ukiwa mmoja kote, gurudumu linapigwa chapa ya moto. Likiitikia kwa sauti ya uwazi, maana yake ndani kuna ufa au tundu, nalo linashushwa daraja au linakwanguliwa jina lote ubavuni, linabaki jibini isiyo na ukoo.

Viwanda vya namna hiyo vipo kama 300, na vyote kwa pamoja hutoa takriban magurudumu milioni 4 kwa mwaka. Hapo hesabu yangu ya kikulima ikakwama. Mfugaji anauza maziwa leo. Majani ya ng'ombe yanalipiwa leo, umeme leo, vijana wa kazi mwisho wa mwezi. Jibini inauzwa baada ya miaka miwili. Hapo katikati watu wanakula nini?

Nilimuuliza kijana aliyekuwa akinitembeza. Akajibu kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kuliko yote: wanaiweka rehani. Benki moja ya Reggio Emilia, Credito Emiliano, tangu mwaka 1953 inapokea jibini kama dhamana ya mkopo. Kiwanda kinapeleka magurudumu machanga kwenye maghala ya kampuni iliyo chini ya benki hiyo, yanasajiliwa moja moja kwa namba zake, kiwanda kinapewa fedha, na wakati deni linaendelea jibini nayo inaendelea kukomaa na kupanda thamani. Ikiuzwa, deni linalipwa. Mkopaji akishindwa, benki inauza jibini. Ghala lenyewe sikuruhusiwa kuingia, na sikushangaa. Nililiona kwa nje tu: uzio, geti, malori. Ukipita haraka ungedhani ni bohari ya saruji. Ndani kuna magurudumu kwa mamia ya maelfu, yana walinzi, yana vidhibiti joto, na wapo wanaolipwa kwa kazi ya kuyagonga na kuyasikiliza.

Mimi ni mtoto wa Newala. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye korosho. Kwa hiyo msomaji wa Mtwara, Lindi au Tunduru ameshajua kwa nini nilishuka kwenye baiskeli nikakaa kando ya mtaro. Sisi tuna kitu hichohicho! Tuna stakabadhi ghalani. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na korosho ziliingia katika mfumo huo msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka gunia chama cha msingi, linapimwa, linakwenda ghala kuu, anapewa karatasi, anangoja mnada. Karatasi hiyo, kwa sheria yetu wenyewe, inaweza kuwekwa dhamana ya mkopo. Tumeandika yote. Lakini karatasi ya kwanza niliyoiona kwa macho, aliyonionyesha marehemu baba, ilikaa chini ya godoro miezi minne, na chama kilichompa, ambacho sikitaji, kila Jumatatu kilikuwa na sababu mpya. Hakuna benki ambayo ingeitazama mara mbili.

Na ndiyo maana kangomba, biashara ya walanguzi, haifi. Mikorosho inatoa maua mwezi wa saba, salfa inatakiwa, mtoto amefaulu, nyumbani hamna kitu. Mtu anakuja na fedha taslimu, ananunua korosho ambazo bado ni maua, kwa bei ya kutupa. Kila msimu tunamhubiria mkulima awe na subira, akatae walanguzi. Subira ya Reggio Emilia nimeiona. Ina geti, ina vidhibiti joto, ina riba. Yule mzee wa vidole vya muhogo hana moyo mkubwa kuliko mjomba wangu; ana mahali pa kuiweka jibini na mtu wa kumkopesha juu yake. Sisi tunadai subira kwa mtu mwenye njaa, tena tunamwita mjinga akiuza. Katika duka la vyakula pale Parma niliona pakiti ya korosho, safi, nzima nzima, imeandikwa zimetoka Vietnam. Sehemu kubwa ya korosho zetu husafirishwa zikiwa na maganda kwenda India na huko Vietnam kubanguliwa, kwa hiyo inawezekana kabisa nilikutana na jirani yangu wa Newala amebadilishiwa jina. Nilinunua pakiti hiyo. Zilikuwa tamu.

Naona sijaandika kitu juu ya dini. Wengi ni Wakatoliki, makanisa ni mengi na mazuri, na katika misa ya Jumapili niliyohudhuria tulikuwa watu kumi na saba, wengi wao akina bibi. Jioni watu hutoka kutembea tu, wamevaa vizuri, wanazunguka uwanja wa mji mara mbili tatu wakisalimiana, kisha wanarudi nyumbani. Wazee hucheza karata. Michezo inayopendwa ni mpira wa miguu na baiskeli. Hayo yatosha.

Nisije nikaonekana nimerogwa, yapo mengine. Ardhi ile inatikisika. Mei 2012 tetemeko liliipiga Emilia, eneo lenye viwanda hivyo vya jibini, rafu zikaangukiana, na magurudumu kwa mamia ya maelfu yakamwagika sakafuni, mengine yamepasuka kabla ya miezi yake kutimia. Mpishi mashuhuri wa Modena, Massimo Bottura, alitunga chakula cha wali na jibini hiyo ili watu wengi duniani wapike na kuinunua kwa pamoja. Na wanaoamka usiku kukamua ng'ombe wa bonde la Po, wengi si Waitaliano tena. Ni Masingasinga kutoka Punjab. Vijana wa pale hawaitaki saa kumi ya alfajiri. Huko Novellara, katika eneo hilohilo, wana hekalu kubwa lililofunguliwa mwaka 2000. Nilikaribishwa nikala dengu na chapati nikiwa nimekaa sakafuni, na baada ya wiki mbili za tambi nusura nilie. Mzee mmoja mwenye kilemba cha buluu aliniambia amekamua miaka kumi na minane na jibini yenyewe haipendi. Chumvi nyingi, alisema.

Nilirudi na kipande cha kilo moja, cha miezi 30, kimefungwa kwenye plastiki isiyopitisha hewa. Newala nilikikata mbele ya baraza zima, nikieleza nukta za kwenye ganda, nyundo, benki, kila kitu, na nadhani nilizungumza zaidi ya saa. Shangazi alionja akatema kwa adabu kwenye kanga. Watoto waliomba kipande cha pili. Mjomba alitafuna taratibu, macho kwenye mkorosho wa uani, akasema inauma ulimi kama korosho mbichi. Kisha akauliza swali moja.

"Huyo anayekopeshwa na benki, fedha anapewa siku ileile anayopeleka, au anaambiwa arudi Jumatatu?"

Nikamwambia sikuuliza. Ni kweli sikuuliza. Nilijaza nusu ya daftari kwa jibini nikasahau swali hilo.

Akatikisa kichwa, akakiokota kile kipande cha ganda nilichokiweka kando chenye namba za kiwanda, akakigonga kwa kucha, akasikiliza. Nilikuwa nimewaambia Waitaliano hawatupi ganda, hulichemsha kwenye supu ya maharage. Shangazi akalichukua mkononi mwake, akaliosha, akalitia kwenye chungu cha mbaazi kilichokuwa motoni.